Usiku Mmoja Kando ya Ziwa Elementaita, Pamoja na Watoto

Sisi tukaao Londiani, katika baridi ya Mau ambako ukungu haubanduki msituni mpaka jua lipate nguvu, hatuna ziwa la kwetu. Lakini Bonde la Ufa liko chini yetu upande wa mashariki, nalo limejaaliwa maziwa ambayo mtu aweza kuyafikia kabla ya adhuhuri, madhali ameondoka nyumbani alfajiri. Kwa familia yenye watoto wadogo inayoazimia kubeba vyombo vyake mgongoni, kutembea kidogo, kulala hemani usiku mmoja na kurejea kesho yake pasipo mtu kuugua wala kununa, sijaona mahali palipo bora kuliko Elementaita.

Ziwa Nakuru liko karibu zaidi, lakini ni mbuga ya taifa yenye simba, nyati na vifaru, na mtu hawezi kuingia humo akatembea kwa miguu atakavyo. Naivasha ina maji matamu, ila viboko wake hutoka usiku kula majani ufuoni, na mzazi mwenye mtoto wa miaka sita hapati usingizi. Bogoria ni nzuri mno, lakini iko mbali, na chemchemi zake huchemka hata kuivisha yai. Elementaita ni ziwa la magadi, la kina kifupi, lililo mwinuko wa karibu mita 1,780 juu ya bahari. Na upande wa Kikopey kuna maji moto ya kadiri, ambamo wenyeji huoga na kufua nguo tangu zamani.

Jambo ninalolishikilia kuliko yote ni kwamba mguu wa mtoto ndio upangao safari, si hamu ya baba. Kwa sababu hiyo mwendo wenyewe uwe mfupi na makazi yawe marefu: asubuhi garini, saa chache za kutembea zenye mapumziko tele, kisha mchana wote na magharibi yote ziwani. Wala safari isianzie ziwani. Jumamosi mbili tatu kabla yake sisi huwavika watoto mifuko yao ikiwa imejaa, tukawatembeza katika njia za hapa Londiani zipitazo jirani na chuo cha misitu, ili mkanda unaochuna bega au kiatu kinachobana kisigino kijulikane hapa nyumbani, ambako dawa yake ni rahisi.

Mintarafu ya mizigo, mtoto asibebe zaidi ya sehemu ya kumi ya uzito wa mwili wake, yaani mwenye kilo 30 abebe kilo 3: sweta yake, blanketi jepesi, kikombe na chupa yake ya maji. Kitindamimba wetu hubeba tochi ya familia, na amana hiyo humtia moyo wa kutembea kuliko peremende zozote. Hema, magodoro ya sponji na jiko dogo la gesi ni juu ya wakubwa. Kuni msiokote, kwa maana vichaka vya leleshwa na nyasi za huko hukauka mno kiangazi, na cheche moja yatosha kuleta msiba kwa wachungaji wasio na hatia.

Maji ndiyo masurufu mazito kuliko yote, kwani lita moja ni kilo moja, na ya ziwa hayanyweki hata yakichemshwa, kwa kuwa moto hauondoi magadi. Fanyeni hesabu ya lita 4 kwa kila mtu kwa kunywa na kupika, lakini msiyatoe Londiani. Yanunueni Kikopey, mahali pa mwisho penye maduka, ili mgongo uyabebe katika kipande cha mwisho tu. Chakula kiwe kile watoto walichokizoea: chapati zilizopikwa usiku uliotangulia, viazi na mayai ya kuchemsha, ndizi, na majani ya chai ya Kericho kwa ajili ya asubuhi. Mursik, maziwa yetu ya mgando, sisi huichukua, lakini katika kopo lenye kifuniko cha kukaza, maana sotet, kibuyu chake cha asili, haistahimili misukosuko ya matatu.

Njia yenyewe ni nyepesi. Londiani Junction mtapata matatu ya Nakuru, ipitayo Mau Summit, Kibunja na Salgaa. Nakuru mtapanda nyingine iendayo Gilgil, mkamwambie makanga awateremshe Kikopey. Hapo mkishajaza vibuyu vyenu, mtaacha barabara kuu na kuteremka upande wa ziwa, mdogo wa wote akiwa mbele ili awe kipimo cha mwendo, na kila nusu saa mfikapo chini ya mgunga wenye kivuli mketi. Kofia ni faradhi. Kumbukeni pia kwamba kuteremka leo ni kupanda kesho, kwa hiyo siku ya kurudi ondokeni ziwani kabla jua halijawa kali.

Mahali pa kulala paulizwe na kulipiwa mapema, katika kambi yenye mlinzi, kwani ardhi izungukayo ziwa ina wenyewe, na sehemu kubwa ya upande wa magharibi imo katika hifadhi ya Soysambu, ambamo nyati hutembea. Waulizeni wenyeji hali ya ufuo pia: tangu mwaka 2010 hivi maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda, na palipokuwa pakavu mwaka juzi huenda pamefunikwa. Kwenye maji moto, bibi mmoja aliyekuwa akifua aliwaambia watoto wetu, "Wajukuu zangu, ogeni huku chini, kule jichoni panachoma," na nasaha hiyo naifuata hata leo, nikitia mkono wangu kwanza kabla mtoto hajatia mguu.

Mchana msiwapangie watoto shughuli nyingi, ndege watawatosha. Mwari weupe hutaga katika visiwa vya mawe vilivyo ziwani, kisha huruka hadi Ziwa Nakuru kuvua samaki wa kuwalisha makinda. Na mtoto akishaelezwa habari hiyo hulitazama kundi linalopita juu kwa macho mengine kabisa, akihesabu wanaokwenda na wanaorudi. Heroe, hao flamingo wa rangi ya waridi, huja na kuondoka kwa kadiri ya mwani waulao. Neema hii ndiyo iliyolifanya ziwa litambuliwe na Mkataba wa Ramsar mwaka 2005, na mwaka 2011 likaingizwa pamoja na Nakuru na Bogoria katika Urithi wa Dunia.

Usiku huwa na baridi kuliko mtu anavyotazamia, seuze kwa mtoto aliyeloa jasho mchana. Nguo kavu zivaliwe kabla ya magharibi, na mtoto asitoke hemani peke yake kwa haja yoyote.

Wakati wa kurudi, kama miguu ingali na nguvu, shukeni Kariandusi, kando ya barabara hiyo hiyo ya Nakuru, mahali alipochimbua Louis Leakey kuanzia mwaka 1929. Mashoka ya mawe ya watu wa kale yamelala pale pale yalipofukuliwa, na mengine ni ya lile jiwe jeusi ling'aalo kama kioo. Binti yetu mkubwa aliuliza kama watu hao nao walikuja ziwani na watoto wao. Nilimjibu kwamba bila shaka.

Mkifika Londiani, hata kama kila mtu amechoka, hema litolewe mfukoni usiku ule ule likatandazwe sebuleni, kwa kuwa kwetu mvua haina miadi, na hema lililokunjwa na unyevu huota kuvu kwa siku chache. Viatu navyo vioshwe kwa maji matamu, kabla magadi hayajaikausha ngozi yake.