Likizo ya Uzazi ni Haki Yako



Hapa Garissa wako akina mama walioajiriwa madukani na hotelini ambao hurudi kazini hata kabla ya arobaini, wakiogopa kufutwa. Basi tujifunze. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema:

1. Mama apewe miezi 3 kwa mshahara kamili, kisha arudi kazini kwake.
2. Baba apewe wiki 2, pia kwa mshahara kamili.
3. Likizo ya mwaka, siku 21 za kazi, isikatwe kwa sababu ya uzazi.

Mama amwandikie mwajiri barua siku 7 kabla au zaidi, na abaki na nakala. Nawe baba, wiki hizo si za miraa. Teka maji, pika, lea wakubwa.

Tujadiliane: Asiyejua kuandika, nani kati yetu atamwandikia?