Ukiokota Mfupa Korongoni: Somo Kutoka Isimila



Mvua zikipita, makorongo yetu hufukua vitu. Mtoto huokota kitu kizito cha kahawia akasema, "Huu mfupa wa kale!" Atajuaje?

Kwanza, tazama palipovunjika. Mfupa una ganda gumu nje, na ndani vishimo vidogo vidogo kama sifongo. Jiwe la kawaida halina mpangilio huo.

Pili, pima uzito. Kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe cha kale yaliyogeuka kama jiwe, mara nyingi huwa kizito kwa sababu madini yamejaza vile vishimo. Lakini usikate shauri kwa rangi. Hata mfupa wa mbuzi wa juzi ukilala topeni hubadilika rangi.

Umri je? Jirani yetu hapa Tosamaganga, kando ya barabara ya Iringa kwenda Mbeya, lipo korongo la Isimila. Mwaka 1951 msafiri kutoka Afrika Kusini aliokota hapo zana za mawe. Habari ziliwafikia wataalamu, na mwaka 1957 na 1958 Profesa F. Clark Howell alichimba. Zilipatikana zana nyingi, na mifupa ya wanyama, akiwemo kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka.

Kipimo cha kaboni 14 hakikufaa, kwani mwisho wake ni miaka 50,000 hivi. Ilitumika njia ya urani. Mfupa mbichi hauna urani ya kutajika. Ukizikwa, huivuta kutoka kwenye maji ya ardhini, na urani hiyo hugeuka polepole kuwa thoriamu kwa mwendo unaojulikana. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1972 yalikuwa miaka 260,000 hivi, yakiweza kuzidi au kupungua kwa makumi ya maelfu.

Zingatieni: kipimo hicho kilitegemea kujua mfupa ulilala tabaka gani. Mnajua darasani kwamba habari isiyo na isnadi haitegemewi. Mfupa uliong'olewa bila kuandikwa mahali pake ni vivyo hivyo: upo, lakini ushahidi wake umepotea.

Basi ukiona mfupa:

1. Usiuchimbe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kwa uchimbaji.
2. Piga picha, ukiweka kalamu kando yake kuonyesha ukubwa.
3. Andika mahali, tarehe na tabaka la udongo.
4. Mwambie mwalimu au mwenyekiti wa kijiji, ili habari ifike kwa maofisa wa mambo ya kale.
5. Ukishuku ni wa binadamu, usiuguse kabisa. Huenda ni kaburi, na maiti ana heshima yake.

Swali la kujipima: kwa nini mfupa uliomo kabatini ni vigumu kuujua umri kuliko uliobaki korongoni?