Babu Mchukuzi

Tazama ramani ya Tanzania, upande wa kusini magharibi. Utaona Tunduma, mji ulioko mpakani mwa Zambia, na mashariki yake Mbozi, nchi ya Wanyiha. Mahali hapo pote leo pamo katika mkoa wa Songwe. Huko jamaa moja husimulia habari za babu yao, waliyekuwa wakimwita Mchukuzi. Yeye hakujua kuandika. Habari zake wamezipokea kwa wazazi wao.

Vita ilipoanza mwaka wa 1914 nchi ilikuwa chini ya Wadachi. Mwezi wa Mei 1916 Waingereza wakavuka mpaka kutoka kusini. Magari yalikuwa haba, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Basi vyakula na risasi vikachukuliwa kwa vichwa vya watu. Babu alikamatwa shambani, jembe li mkononi, akatwishwa mzigo wa ratli 60. Wenzake wengi hawakuuawa kwa bunduki, bali kwa kuhara na homa ya mapafu. Katika hesabu ya Waingereza peke yake, wachukuzi waliokufa ni zaidi ya 90,000, na majina ya wengi hayajulikani.

Lakini jamaa hawa hawasimulii sana safari, husimulia njaa. Wanaume walikuwa wameondolewa wakati wa kulima, ghala likawa tupu. Bibi alibaki na chungu kimoja cha mbegu za ulezi, akakizika nyuma ya nyumba. Watoto walijua kilipo, wakalia usiku kucha, naye akawapa mizizi ya porini. Mvua ya kwanza iliponyesha akakifukua, akapanda peke yake. Shangazi, aliyekuwa mtoto wakati ule, hakumsamehe hata uzeeni.

Mwishoni mwa Oktoba 1918 jeshi la Wadachi lilipita Mbozi, na tarehe 2 Novemba likaipiga Fife, karibu na Tunduma. Tarehe 25 mwezi ule ule likaweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao Mbala siku hizi.

Ndipo babu akarudi, amekonda hata mbwa wake akambwekea. Tangu siku ile hakutia kitu kichwani tena. Kuni alizifunga kamba akaziburuta njiani, wala hapakuwa na mtu kijijini aliyemcheka.