TUJIFUNZE KUCHAGUA SPIKA



Wapo kati yetu wanaoukumbuka mwaka 1973. Mwaka ule watu wa vijijini walikaa pamoja, wakaizunguka redio moja, wakasikiliza masomo ya "Mtu ni Afya". Aliyekaa nyuma ilimbidi atege sikio sana. Siku hizi tuna redio na simu, lakini katika mkutano shida ni ile ile: sauti haifiki nyuma.

Ndiyo maana wenzetu wengine hapa Maguu wanataka kujitengenezea spika. Jambo hili ni zuri. Seremala tunaye na mbao tunazo. Kitu cha kununua ni spika yenyewe. Basi hapo ndipo fedha hupotea.

Kikundi kimoja kiliwahi kuchanga fedha baada ya kuuza kahawa. Wakatuma watu wawili mjini. Wakarudi na spika mbili kubwa, zimebandikwa karatasi inayong'aa: "Wati 500". Wakaziunga kwenye amplifaya yao. Haukupita muda, moshi! Amplifaya imeungua. Watu wakasema, "Tumeuziwa vibovu." Kumbe spika zilikuwa nzima kabisa. Waliisoma karatasi inayong'aa, hawakuisoma namba ndogo iliyo mgongoni.

Spika inafanyaje kazi?

Nyuma ya spika kuna sumaku. Katikati kuna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, huitwa koili. Koili imegundishwa kwenye koni, ambayo mara nyingi ni ya karatasi. Umeme ukipita katika koili, koili inavutwa na kusukumwa na sumaku. Koni inatikisika, inasukuma hewa, nasi tunasikia sauti. Wamarekani wawili, Rice na Kellogg, waliieleza spika ya namna hii mwaka 1925. Mpaka leo spika nyingi zinafuata njia hiyo.

Mambo manne ya kutazama

1. Omu. Hiki ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme. Nyingi ni za omu 4 au omu 8. Spika za gari mara nyingi ni za omu 4. Omu zikiwa chache mno, umeme mwingi unapita na amplifaya inaungua. Kwa hiyo soma kwanza amplifaya yako inataka omu ngapi.

Ukiunga spika mbili zinazofanana chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, omu zinagawanyika. Mbili za omu 8 zinakuwa omu 4. Mbili za omu 4 zinakuwa omu 2. Ukiziunga kwa kufuatana, yaani hasi ya kwanza kwenye chanya ya pili, omu zinajumlishwa: 4 na 4 ni 8.

Sasa turudi kwa wenzetu. Amplifaya yao ilitaka omu 4 au zaidi. Wao waliunga mbili za omu 4 kwa njia ya kwanza, wakapata omu 2. Wangeziunga kwa kufuatana wangepata 8, na amplifaya ingepona. Wala wasingetoa hata shilingi moja zaidi.

2. Wati. Wati za spika zinaonyesha inaweza kubeba nguvu kiasi gani. Hazisemi italia kwa nguvu kiasi gani. Tena namba kubwa ya kwenye karatasi huwa ni ya kitambo kidogo tu. Uliza wati za kudumu, zinazoandikwa RMS.

3. Desibeli. Namba hii inaonyesha spika inatoa sauti kiasi gani kwa umeme mdogo. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, unahitaji nusu tu ya umeme kupata sauti ile ile. Spika ya desibeli 91 ikipewa wati 10 inalia sawa na ya desibeli 88 iliyopewa wati 20. Kwa sisi tunaotumia betri ya sola, namba hii ni akiba kubwa.

4. Ukubwa. Koni pana husukuma hewa nyingi, nayo hutoa vizuri sauti nzito, kama ya ngoma kubwa ya mganda. Kwa maneno tu, spika ya inchi 6 au 8 inafaa. Kwa uwanja mpana, honi ya bati hufikisha maneno mbali, lakini sauti nzito haiwezi.

Jaribu kabla ya kulipa

Bonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ukisikia inakwaruza, iache. Kisha chukua betri ya redio ya volti 1.5 na nyaya mbili. Gusisha mara moja tu. Spika nzima italia "ta!" Chanya ya betri ikigusa chanya ya spika, kwa kawaida koni inaruka mbele. Spika zako zote ziruke upande mmoja, la sivyo zitapingana na sauti itafifia.

Sanduku

Ngozi ya ngoma bila mzinga hailii vizuri. Spika nayo ni hivyo hivyo. Sauti ya nyuma ya koni ikikutana na ya mbele, zinauana, hasa sauti nzito. Basi tengeneza sanduku gumu, liziba kila ufa kwa gundi, na usiache mbao inayotikisika.

Ndugu msomaji, ulijifunza kusoma ili usidanganywe na karatasi inayong'aa. Geuza spika, usome mgongo wake. Kisha ndipo ufungue mfuko.

Maswali ya kujadiliana

1. Spika mbili za omu 8 zikiungwa kwa kufuatana, ni omu ngapi?
2. Kwa nini wati nyingi si lazima ziwe sauti kubwa?
3. Kikundi chenu kina amplifaya? Inataka omu ngapi? Nendeni mkaisome.