NDAKALA WALIOHAMISHWA ZIWA



Juzi tulikuwa tunakula bukari na ndakala, na mmoja wetu akauliza: « Sababu gani hatutie hawa samaki mu Tshangalele yetu, tuache kununua ya mbali? » Wengine walicheka. Sisi wa mwaka wa sita tuliona swali linafaa kujifunza.

1. Ndakala ni samaki gani?
Ni samaki mdogo, mwembamba, anang'aa kama feza, wa jamaa ya sardini za bahari. Kwao ni Ziwa Tanganyika. Kuna aina mbili; ile iliyosafiri wataalamu wanaiita Limnothrissa miodon.

2. Walisafiri namna gani?
Maji ya Ziwa Kivu yanashuka Tanganyika kwa mto Ruzizi, lakini ndakala hawezi kupanda maporomoko yake. Basi mwaka 1959 watu waliwabeba, wakawatia Kivu, kwani katikati ya ziwa lile hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea. Kule wanaitwa sambaza. Wavuvi wanafunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, na usiku wanawavuta kwa taa.

Mwaka 1967 na 1968 Zambia iliwatia katika Kariba, ziwa la baraji. Maji ya Zambezi yenyewe yaliwashusha mpaka Cahora Bassa, kule Msumbiji, ziwa lililoanza kujaa mwisho wa 1974.

3. Faida na hasara
Faida tunaijua: chakula na kazi kwa watu wengi. Lakini katika Kivu, dafnia, kijidudu kikubwa kilichokula majani madogo ya maji, kilipotea. Tena mwaka 2006 samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, alionekana mule, naye anagombea chakula na sambaza. Kutia samaki ni kazi ya siku moja. Kumtoa, hakuna anayeweza.

4. Jibu letu
Tshangalele ilitokea nyuma ya baraji ya Mwadingusha, iliyoanza kazi mwaka 1930. Si ziwa la kina kirefu kama Tanganyika. Lina samaki wake, na wavuvi wanaoishi kwa samaki hao. Maji yake yanafuata Lufira mpaka Lualaba. Kwa hiyo, mwenye kumwaga ndoo moja pale amemwaga pia kwa watu wa Upemba, bila kuwauliza.

Ndugu yetu hakukosa kuuliza. Lakini ndoo ingoje kwanza.

Swali la kufikiri: kabla ya kutia samaki mgeni, nani aulizwe?