Huzuni Nayo ni Ugonjwa: Mama Mja Mzito na Mzee Wasibebe Mzigo Peke Yao



Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Watu walichimba vyoo, wakafyeka majani kando ya nyumba na kujifunza kuchemsha maji ya kunywa. Somo letu la leo linahusu ugonjwa ambao hauondoki kwa jembe wala fagio. Ni ugonjwa wa huzuni na wasiwasi. Tutawaangalia watu wawili ambao huupata mara nyingi bila kugunduliwa: mama mja mzito na mzee.

Mfano wa nyumba moja

Tuchukue mfano wa nyumba moja huko Mufindi, Mkoa wa Iringa. Kijana ameoa, kisha amekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Nyumbani amebaki mke wake mwenye mimba ya miezi saba, pamoja na mama mkwe aliyepita miaka 70. Alfajiri mke hushuka bondeni kuteka maji. Kisha huenda kupalilia mahindi, na jioni hurudi na mzigo wa kuni. Bibi hawezi tena kulima. Huketi jikoni kimya, akijiona amekuwa mzigo kwa mkwe wake.

Usiku mke halali, anawaza kama atajifungua salama. Bibi naye chakula hakimpiti kooni. Jirani akipita na kuwaamkia "Kamwene", wote wawili huitikia kama watu wazima wa afya. Lakini wote wawili ni wagonjwa. Nyumba kama hii iko pia Kilolo, Rungwe na Mbeya Vijijini.

Tutaujuaje ugonjwa huu?

Kila mtu huhuzunika, na huzuni ya kawaida hupita. Lakini ikiwa imedumu majuma mawili au zaidi, tuangalie dalili hizi:

1. Mtu halali vizuri, au analala mchana kutwa.
2. Hataki kula, naye anakonda.
3. Analia bila sababu, au anakasirika upesi.
4. Hafurahii tena mambo aliyoyapenda.
5. Anajiona hana faida, au anasema ni afadhali afe.

Mtu mwenye dalili hizi apelekwe zahanati. Anayesema habari ya kufa asiachwe peke yake hata kidogo, naye apelekwe siku hiyo hiyo. Usimkemee wala kumcheka.

Mama aendelee kuangaliwa hata baada ya kujifungua, maana huzuni hii huweza kumpata akiwa na mtoto mchanga. Si uvivu, wala si kwamba hampendi mtoto wake.

Kwa mzee kuna jambo jingine. Mzee anayesahau polepole, akapotea njia au kurudia maneno, huenda ana ugonjwa wa ubongo. Huo si uchawi. Na mzee aliyechanganyikiwa ghafla huenda ana malaria, kichomi au upungufu wa maji mwilini. Huyo naye apelekwe zahanati bila kuchelewa.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, tugawane kazi. Maji na kuni si kazi ya mja mzito peke yake. Wanaume na vijana wabebe. Mzee naye asinyang'anywe kila kazi. Akichambua maharage, akipukuchua mahindi au kuwasimulia wajukuu, anajiona bado ni mtu katika nyumba yake.

Pili, tuzungumze. Jirani asiishie kwenye salamu. Akae, aulize, "Umelalaje? Jambo gani linakusumbua?" kisha asikilize. Mume aliye mbali apige simu, aulize hali ya mkewe na ya mama yake kabla ya kuuliza habari za shamba.

Tatu, mama ahudhurie kliniki mapema. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio 8, la kwanza likiwa kabla ya wiki ya 12 kupita. Huko mama aeleze na wasiwasi wake, si maumivu ya mwili tu. Akitokwa na damu, akiumwa sana na kichwa, akivimba uso, akipata degedege, au mtoto akiacha kucheza tumboni, asingoje kupambazuke. Ndiyo maana nauli iwekwe akiba mapema. Maandalizi hayo yenyewe hupunguza hofu.

Nne, tusitibu mawazo kwa pombe. Wakati wa masika ulanzi huwa mwingi Iringa, na wengine husema unaondoa mawazo. Pombe, iwe ulanzi au komoni, huongeza huzuni kesho yake. Tena pombe anayokunywa mama humfikia mtoto tumboni na kumdhuru.

Tano, tujihadhari na jiko la mkaa. Mwezi Juni na Julai baridi ya nyanda zetu ni kali, na watu huingiza jiko chumbani wakafunga milango. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyonuka wala kuonekana. Humwua mtu usingizini, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Ota moto mahali penye hewa, kisha jiko libaki nje. Mzee apewe blanketi na nguo nzito.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu wa miaka 60 na zaidi kuwa mzee. Ulizeni ofisi ya kijiji utaratibu wa matibabu kwa wazee wasio na uwezo.

Wahenga walisema: Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mgonjwa wa huzuni hafichi kwa kupenda. Huficha kwa sababu hajaulizwa. Basi leo jioni, kabla hujalala, pita nyumba ya jirani ukaulize.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kitongoji chetu, ni mama waja wazito wangapi wanaochota maji peke yao?
2. Ni mzee gani ambaye hatujamtembelea juma hili? Nani atakwenda, na lini?
3. Mama akishikwa na uchungu usiku, tutamfikishaje hospitali?