Nyota Haifikiki, Joto Lake Tunalijuaje?

Swali: Nasoma kwamba nyota fulani ina joto la nyuzi maelfu kadhaa. Nani alikwenda kuipima?

Jibu: Hakuna aliyekwenda. Nuru ndiyo inayotujia, nayo imebeba habari nyingi. Mtazame mhunzi: chuma huanza kuwa chekundu, kikizidi kushika moto huwa cha manjano, kisha cheupe. Nyota nazo ni hivyo hivyo. Usiku wa Januari litafute kundi la Orion. Betelgeuse, ile nyekundu, ina joto la takriban kelvini 3,500. Rigel, yenye weupe wa kibuluu, yapata 12,000. Macho matupu yanatosha kuona tofauti hiyo, na nakusihi utoke nje ukaione.

Wataalamu huitawanya nuru hiyo kama upinde wa mvua, wakasoma mistari myeusi iliyomo. Kwa mistari hiyo Annie Jump Cannon wa Harvard, Marekani, alizipanga nyota zipatazo 350,000 kwa herufi O, B, A, F, G, K na M, kuanzia zenye joto kali zaidi. Jua letu ni G.

Kujua nyota inatoa nuru kiasi gani ni jambo jingine, kwani mwangaza una mtego wake: nyota hafifu iliyo karibu huweza kulingana machoni na kubwa iliyo mbali. Lazima umbali ujulikane kwanza. Dunia inapolizunguka Jua, nyota ya karibu huonekana kusogea kidogo mbele ya zile za mbali. Friedrich Bessel aliupima msogeo huo kwa nyota 61 Cygni mwaka 1838. Iko umbali wa miaka ya nuru 11 hivi.